Rafu ya Elfu Moja

Kabla risasi hazijalia asubuhi ile, wasichana wawili walikuwa wanabishana maktabani juu ya kitabu cha ngamia.

Kitabu chenyewe kilikuwa kipya, cha magonjwa ya ngamia na dawa zake, na Halimo Huqa alikuwa amekikumbatia kifuani kama mtu aliyeokota kitu chake. Halimo alikuwa msichana mrefu wa kidato cha tatu, kwao Korbesa, mbali huko kupita Merti. Rafiki yake Nakiru, ambaye nyumbani kwao ni Ngaremara, karibu kabisa na shule, alishikilia kwamba kitabu cha mnyama kinakaa na wanyama, rafu ya mia tano, pamoja na simba na kifaru.

"Ngamia si simba," Halimo alisema. "Wewe umewahi kukamua simba?"

Darasa likacheka. Mwalimu Gacheri naye akacheka, kisha akawauliza swali ambalo huwauliza kila mara. "Atakayekuja kutafuta hiki kitabu ni nani?"

"Mtu ambaye ngamia wake ni mgonjwa," Halimo akajibu.

"Ataenda wapi kwanza?"

"Kwa mifugo."

"Basi kiweke kwa mifugo. Mia sita."

Bridget Gacheri alikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule hiyo ya wasichana, kando ya barabara kuu, kaskazini mwa mji wa Isiolo. Alizaliwa upande wa milimani, Meru, na alipohamishiwa huku alikuta maktaba imekuwa stoo. Vitanda vilivyovunjika vilikuwa juu ya kamusi, na panya walikuwa wamezaliana ndani ya katoni za vitabu vya fizikia. Alitoa vitanda. Alipanga vitabu kwa mamia, kama wanavyopanga maktaba kubwa: dini mia mbili, lugha mia nne, sayansi mia tano, kilimo na mifugo mia sita, hadithi na mashairi mia nane, historia na jiografia mia tisa. Kila kitabu alikibandika karatasi ya namba mgongoni. Rafu zilikuwa za chuma, ndefu kupita kimo cha mtu, zimesimama mstari baada ya mstari kutoka mlangoni mpaka ukuta wa nyuma. Namba zilipoishia, mia tisa tisini na tisa, kulikuwa na ukuta tu.

Ila ukuta huo ulikuwa na tundu. Shule ilikuwa imeanza kuutoboa ili iweke mlango wa pili, fundi akaenda na hakurudi. Tundu likazibwa kwa plaiwudi iliyoegemezwa tu, ikashikiliwa na katoni za atlasi za zamani. Mbuzi wa mpishi waliwahi kuingia humo. Vitabu kadhaa pia viliwahi kutoka humo. Hapo ndipo wasichana walipopata mzaha wao. Kitabu kikitafutwa kisionekane, mmoja angesema, "Hicho kiko elfu moja, mwalimu," na wengine wangecheka, kwa sababu hakuna elfu moja. Baada ya mia tisa tisini na tisa ni tundu, na nje ya tundu ni jikoni.

Halimo alikuwa bado anatafuta nafasi ya kitabu chake pale mia sita wakati bunduki ilipolia upande wa lango.

Mwanzoni walidhani ni pikipiki. Kisha ikalia tena, mfululizo, na mtu akapiga yowe. Gacheri alikimbilia dirishani. Mutuma, mlinzi wa lango, alikuwa amelala kifudifudi kwenye mchanga na kofia yake imeruka mbali. Wanaume watatu waliokuwa na bunduki walikuwa wanamruka. Wa nyuma alikuwa anachechemea, akiwa ameshika paja.

"Chini!" Gacheri aliwaambia wasichana. "Laleni chini wote!"

Alikuwa anakimbilia mlango aufunge kwa kufuli. Hakuwahi. Mlango ulipigwa teke, ukampiga begani, akaanguka.

Aliyeingia kwanza alikuwa jitu la mtu, amevaa koti la kijeshi lililochakaa. Baadaye, polisi walipomuuliza Gacheri sura yake, alikumbuka zaidi lile koti. Nyuma yake alikuja mwanamume mwembamba wa miaka ishirini na kitu, shuka nyekundu begani, akimvuta yule aliyejeruhiwa. Walikuwa wezi wa mifugo. Alfajiri walikuwa wameshambulia boma upande wa Ngaremara, wakaua, na sasa polisi pamoja na askari wa akiba walikuwa nyuma yao. Wenzao walikimbia na ng'ombe. Hawa watatu wakakatiziwa njia, na katika shule yote jengo la mawe lenye madirisha ya vyuma lilikuwa moja, maktaba.

"Simu!" yule mwenye koti alipaza sauti. "Simu wapi? Toa!"

"Wanafunzi hawana simu," Gacheri alisema, akijiinua. Alitanua mikono mbele ya wasichana waliokuwa wamejikusanya kati ya rafu. "Hawa ni watoto. Chukueni yangu, muwaache waende."

Mtu yule aligeuza bunduki na kumpiga kwa kitako. Gacheri alikinga uso kwa mkono wa kushoto, akasikia mfupa ukivunjika. Msichana mmoja alilia kwa sauti. Mwenye koti akamfuata, akamshika shingo ya sweta na kumburura mpaka dirishani, akamgandamiza uso kwenye kioo ili walio nje wamwone. Huyo alikuwa Sadiya, mdogo kuliko wote darasani kwa umbo.

"Ona huyu!" alifoka kuelekea nje. "Mkija karibu namuua!"

Risasi moja ikaja kutoka nje, haikujulikana nani aliipiga, ikavunja kioo cha pembeni. Vipande vilimchana Sadiya shavuni kutoka sikioni mpaka karibu na mdomo. Mwenye koti alimtupa sakafuni na kumimina risasi kupitia vyuma vya dirisha, na humo ndani sauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba Gacheri hakusikia tena vilio, aliona midomo tu ikifunguka.

Kelele ilipotulia, nje kukatokea sauti ya kipaza sauti. Polisi waliwataka watupe silaha watoke. Mwenye koti alitema mate.

Yule aliyejeruhiwa alikuwa ameketi akiegemea meza ya Gacheri. Damu yake ilitambaa chini ya meza, ikafika kwenye kapu la vitabu vilivyorudishwa asubuhi ile. Macho yake yalikuwa yanafunga na kufunguka. Mwembamba alimfunga paja kwa shuka.

"Ziba dirisha," mwenye koti alimwambia. Kisha akawageukia wasichana. "Nyinyi! Toa vitabu hapo! Panga kwa dirisha, yote, mpaka juu! Haraka!"

Wasichana hawakusogea. Alimpiga teke aliyekuwa karibu, Halimo, ubavuni. Halimo alijikunja na kikohozi kikamtoka, lakini hakulia.

Gacheri alikuwa ameketi sakafuni, mkono wake uliovunjika amebana tumboni, na jasho la maumivu linamtiririka. Aliona wasichana wake wakitazama bunduki, na aliona kwamba muda si mrefu huyu mtu ataanza kuua, kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Hapo ndipo alipofikiria ukuta wa nyuma.

"Acha niwaelekeze," alisema. Sauti yake ilitoka nyembamba, akaikaza. "Mimi ndiye ninajua vizito viko wapi. Vyepesi havizuii risasi."

Mwenye koti alimtazama. "Ongea."

Gacheri alisimama kwa kushika rafu. "Sadiya, Nakiru. Kamusi ziko mia nne, mnajua. Leteni zote. Halimo, wewe na wenzako wawili, mia tisa. Atlasi kubwa." Alimtazama Nakiru usoni. "Nakiru, ukimaliza kamusi, uende na Sadiya mkalete vya elfu moja."

Nakiru aliinua macho. Kwa muda mfupi uso wake ulikuwa mtupu kabisa, na Gacheri aliogopa kwamba hajaelewa, au kwamba ataelewa na kuonyesha. Kisha msichana akainamisha kichwa.

"Sawa, mwalimu. Elfu moja."

Wakaanza kubeba. Kamusi zilipangwa dirishani, juu yake vitabu vya biblia na tafsiri za Kurani ambavyo Gacheri alikuwa amevipanga rafu moja. Mwenye koti alikuwa dirisha la mbele, jicho kwenye upenyo, akipiga risasi moja moja kila alipoona kitu kikisogea. Mwembamba ndiye aliyekuwa anawachunga wasichana, lakini kila mara aligeuka kumtazama mwenzake aliyekuwa anafifia pale chini. Nakiru na Sadiya walipita kati ya rafu mpaka nyuma. Hawakurudi.

"Nyinyi wawili," Gacheri alisema, "elfu moja, upesi."

Wakaenda. Upande ule alisikia katoni ikiburuzwa polepole. Akasema kwa sauti kubwa wengine walete ensaiklopidia, na wakaziangusha mezani kwa kishindo ili mburuzo ule usisikike. Hakuna aliyewaambia waangushe. Walielewa.

Halimo alirudi kutoka nyuma na atlasi nne mikononi, akaziweka dirishani. Gacheri alimnong'oneza akipita, "Elfu moja. Wewe sasa." Halimo alitikisa kichwa kukubali. Akaenda. Baada ya muda akatokea tena, atlasi mikononi, akivuta miguu makusudi sakafuni, viatu vikilia. Gacheri aliona alichokuwa anafanya. Miguu ya watu wengi ilikuwa imeondoka kwenye chumba kile, na Halimo alikuwa anatembea kwa niaba yao. Alikohoa, akasema kwa sauti, "Sadiya, wacha kunisukuma!" na Sadiya alikuwa ameshatoka zamani.

"Halimo," Gacheri alisema kwa ukali, "nimesema elfu moja."

"Naenda, mwalimu. Bado kidogo."

Akarudi tena na atlasi, akaziweka, akaelekea nyuma. Walikuwa wamebaki wasichana wachache tu. Yule aliyejeruhiwa alitoa pumzi ndefu, kichwa kikamlalia kifuani, na mwembamba akapiga magoti kumtikisa. Alimwita jina mara kadhaa. Hakuitika. Alipoinuka, machozi yalikuwa usoni, na kwa mara ya kwanza aliwatazama wasichana kwa makini.

"Wengine wako wapi?"

"Wanaleta vitabu," Gacheri alijibu. "Huko nyuma. Elfu moja."

Mwembamba alitembea kando ya rafu, bunduki mkononi, akisoma zile karatasi za migongoni. Midomo yake ilikuwa inasogea. Mia tisa kumi. Mia tisa sitini. Alisimama.

"Hakuna elfu moja," alisema. Alimgeukia Gacheri. "Mimi nilisoma mpaka kidato cha pili. Tulikuwa na maktaba. Hii namba inaisha. Hakuna elfu moja."

Gacheri alimwangalia. Alitaka kumwomba. Katika uso ule aliona mtu ambaye aliwahi kuketi kwenye dawati, aliyetumwa na mwalimu mahali fulani kuleta kitabu akakileta. Alifungua mdomo kumwambia tafadhali.

Mwembamba akapiga kelele. "Wanatoroka! Nyuma!"

Mwenye koti aliacha dirisha na kuja mbio, akizipiga rafu kwa mabega. Plaiwudi ilikuwa imesukumwa kando, na mwanga wa jua ulikuwa umeingia mpaka chini ya rafu ya mwisho. Halimo alikuwa amepiga magoti kwenye tundu, nusu ya mwili nje, na mikono ya Sadiya ilikuwa inamvuta kutoka upande ule mwingine. Mtu yule alimkamata mguu. Alimvuta kwa nguvu hata kiatu kikatoka, akakamata mguu wenyewe, na Halimo akaanza kurudi ndani akikwaruza kucha kwenye simiti. Sasa alikuwa analia. Alikuwa anaita mamaye kwa Kiborana, "Ayo! Ayo!"

Gacheri hakufikiri. Kati yake na mtu huyo kulikuwa na rafu ya mia tisa, chuma na vitabu mpaka juu, haikufungwa ukutani. Aliweka bega zima, na mkono mzima, kisha na ule uliovunjika pia, akasukuma. Maumivu yalimfanya apige yowe. Rafu iliinama, ikasita, vitabu vikaanza kumwagika, na msichana mmoja akaja kando yake akasukuma pia, na mwingine. Ikaanguka.

Ilimkuta mwenye koti akiwa ameinama. Ukingo wa chuma ulimpata nyuma ya shingo na kumgandamiza kwenye sakafu. Bunduki yake ililia mara moja akianguka nayo. Mara moja tu.

Mwembamba alikuja akipiga risasi hewani, akipiga kelele maneno ambayo hakuna aliyeyaelewa. Alimpiga Gacheri usoni kwa mtutu, meno mawili yakatoka. Aliinua bunduki ampige risasi, na msichana aliyekuwa nyuma yake akampiga stuli kichwani. Ilikuwa stuli ya chuma, ile ya kupandia rafu za juu. Mtu yule alianguka kwa goti. Msichana akampiga tena. Wale wengine wawili walimwangukia, mmoja na kamusi aliyoishika kwa mikono miwili kama tofali, mwingine na ensaiklopidia. Walimpiga usoni. Walimpiga mikononi alipojaribu kujikinga. Walimpiga hata alipoacha kujikinga, huku wakilia na kutukana matusi ambayo Gacheri hakujua kwamba wanayajua.

Gacheri aliwaona. Damu ilikuwa imemjaa mdomoni. Angeweza kusema acheni, na kwa muda hakusema. Alitaka wampige. Alitaka asikie lile fuvu likivunjika. Kisha mmoja wao, msichana ambaye kila wiki alikuwa anaazima vitabu vya mashairi, aliinua stuli juu kabisa ili ammalize, na Gacheri akatambaa na kulala juu ya yule mtu.

"Basi," alisema. "Basi, mama. Basi."

Stuli ilimpata mgongoni, kwa sababu ilikuwa tayari inashuka. Ndivyo polisi walivyowakuta walipoingia: mwalimu amelala juu ya mwizi, na wasichana watatu wamesimama juu yao.

Halimo walimpata nje. Sadiya alikuwa amefanikiwa kumvuta mpaka mwisho. Alikuwa amemlaza kichwa kwenye mapaja yake, ukutani mwa jikoni, na Nakiru alikuwa amevua sweta na kulibana tumboni mwa Halimo kwa mikono yote miwili. Ile risasi moja ilipita chini ya mbavu.

"Amesema ana kiu," Nakiru alimwambia polisi. "Tumpe maji ama tusimpe? Mtu atuambie, tumpe ama tusimpe?"

Walimpandisha kwenye gari la polisi kwenda hospitali ya mjini. Nakiru aliingia naye, hakuna aliyejaribu kumtoa. Halimo alifariki kabla hawajafika, na Nakiru hakuwaambia waliokuwa mbele mpaka gari liliposimama, kwa sababu, alivyoeleza baadaye, alidhani wakijua watapunguza mwendo.

Mutuma naye alikufa pale langoni. Mwenye koti alikufa chini ya rafu, na yule aliyejeruhiwa paja alikuwa amekata roho kando ya meza. Yule mwembamba aliishi, jicho moja limepotea, na kesi yake ikaenda katika mahakama ya Isiolo. Gacheri alitoa ushahidi kwa saa nzima, akiwa na meno ya bandia ambayo alikuwa bado hajayazoea. Wakili wa mshtakiwa alimuuliza kama ni kweli kwamba alimwokoa mteja wake asiuawe. Alisema ndiyo. Akamuuliza kwa nini.

"Sikumwokoa yeye," alisema. "Niliwazuia wasichana wangu wasiue mtu. Hawakustahili kubeba hilo."

Mwembamba alifungwa maisha. Hakuinua uso hata mara moja.

Mwalimu mkuu, Bwana Kubai, alitaka tundu lizibwe kwa matofali mara moja. Alikuwa ameshaita fundi. Gacheri alimfuata ofisini, mkono ukiwa kwenye plasta, akamwambia kwamba fundi akijenga matofali pale, yeye ataandika barua ya kuacha kazi siku hiyohiyo.

"Wezi waliingia, mwalimu. Tunaziba, hatufungui."

"Wezi waliingia kwa mlango wa mbele. Kwa lile tundu wasichana walitoka. Weka mlango, na ufunguke kwa nje."

Mlango ukawekwa.

Vitabu vilivyolowa damu vilichomwa nyuma ya jikoni. Vilivyobaki vilirudishwa rafuni na kidato cha tatu wenyewe, rafu zikafungwa ukutani kwa bolti. Kwa wiki nyingi vilikaa ovyo, dini kwenye kemia, historia kwenye muziki, kwa sababu mikono ilikuwa haitulii. Gacheri hakuwasahihisha. Alipanga upya peke yake, kidogo kidogo. Mara nyingine alitoka nje katikati ya kazi, akasimama ukutani mpaka pumzi imrudie.

Mazishi ya Halimo yalifanyika siku ileile alipokufa, Korbesa, wakati Gacheri yuko kwenye chumba cha upasuaji. Plasta ilipotolewa aliamua kwenda. Alimwomba ruhusa baba yake Nakiru aende naye, na mzee huyo akasita sana. Watu wa Ngaremara na watu wa kule juu, Merti na Korbesa, walikuwa hawatembeleani kwa urahisi baada ya mashambulizi yale, kila upande ukiulaumu mwingine. Nakiru alimwambia babake kwamba asipomruhusu atatembea kwa miguu.

Walipanda pikapu ya mizigo iliyokuwa inapeleka unga na mafuta Merti, na kutoka Merti wakapata nyingine. Walifika wakiwa wamejaa vumbi hata kope. Huqa, babake Halimo, alitoka nyumbani kuwapokea, mtu mrefu kama bintiye.

"Salaam aleikum," Gacheri alisema.

"Waleikum salaam, mwalimu. Karibuni. Mmeteseka na njia."

Mke wake, Ado, alikuwa ameketi ndani kwenye mkeka. Hakuinuka. Waliketi mbele yake, chai ikaletwa.

"Nataka uniambie mwenyewe," Ado alisema hatimaye. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, alikitafuta neno kwa neno. "Watu wamekuja hapa, wamesema hivi, wamesema hivi. Wewe ulikuwa ndani. Sema."

Gacheri alisema. Alisema yote, ya teke la ubavuni, ya atlasi, ya namba. Alisema alimwambia Halimo aende na Halimo akaenda, kisha akarudi ili mwizi asikie miguu. Alisema alimwambia tena.

"Angeenda ile mara ya kwanza, angekuwa hai?"

Nakiru alishika nguo ya Gacheri. Gacheri aliweka kikombe chini.

"Ndiyo. Angekuwa hai. Na wengine labda hawangekuwa."

Ado alimrukia. Haikuwa kofi, ilikuwa ngumi, kifuani, moja na nyingine na nyingine, na mikono yake ilikuwa na nguvu ya mtu aliyechota maji maisha yake yote. Huqa alisimama kumzuia. Gacheri alimwashiria amwache. Alikaa palepale akipigwa, machozi yakimwagika, mpaka Ado alipochoka na kuinamisha paji la uso begani mwake, akalia kwa sauti ya chini iliyotoka tumboni.

Baada ya hapo aligeuka kumtazama Nakiru. "Na wewe ni nani?"

"Nakiru. Ninatoka Ngaremara. Nilikuwa naye ndani ya gari."

Wanawake wawili waliokuwa mlangoni walitazamana.

"Alisema nini?"

"Alikuita. Halafu akaniuliza kama Sadiya anatoka damu bado. Nikamwambia hapana. Alikuwa anatoka, lakini nilimwambia hapana."

Ado alinyoosha mkono, akamshika Nakiru kisogoni, akamvuta mpaka kichwa chake kikawa mapajani mwake.

Walilala pale. Asubuhi, kabla ya pikapu kuja, Gacheri alimuuliza Huqa juu ya binti yake mdogo, aliyekuwa amemaliza darasa la nane. Alimwambia nafasi iko, na kwamba yeye mwenyewe angemwangalia.

"Najua ungemwangalia," Huqa alisema. "Hata Halimo ulimwangalia. Lakini huyu atabaki hapa. Sina mwingine wa kupeleka huko, mwalimu. Usiniombe tena."

Gacheri hakumwomba tena. Akafunga begi lake.

Ado aliwasindikiza mpaka gari liliposimama. Njiani alimshika Gacheri mkono wa kushoto, ule ulioungwa, na aliufinya mpaka ukauma. Hakuuachia hata dereva alipopiga honi.

"Ukija tena," alimwambia, "unipigie simu kwanza. Nitakuwa nimepika."